Kabla AMCOS hazijanunua bunduki ya mwanga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu wa Nachingwea, aliyependekeza kila chama cha msingi cha ushirika (AMCOS) cha wakulima wa korosho huku Kusini kiongeze makato kidogo kwa kilo ili kinunue mashine ya kupima mafuta ya maganda kwa mwanga. Ameiita mashine hiyo ukombozi wa mkulima. Mimi ni fundi sanifu wa maabara mstaafu, mkazi wa Mikindani, na mashine anayoisifia nimeiona kwa macho yangu ikifanya kazi. Au niseme ukweli: nimeiona ikishindwa kazi huku watu wakipiga makofi.

Mpwa wangu ni katibu wa chama cha msingi huko Tandahimba. Alinialika kwenye kikao ambacho mfanyabiashara mmoja, ambaye kampuni yake siitaji, alikuja kuonyesha bidhaa yake. Kifaa chenyewe kinafanana na ile bunduki ya kupimia joto la paji la uso tuliyoizoea wakati wa korona. Akatoa chupa ya mafuta ya maganda, kahawia iliyokaribia weusi, akakielekeza kifaa, akabonyeza. Kwenye kioo ukatokea mstari uliopanda taratibu na kushuka taratibu, na chini yake maandishi ya kijani: ubora 87. Ukumbi ukashangilia. Mimi nilikuwa nimekaa mbele kuliko wote kwa sababu ya macho yangu, na nilichokiona kiooni ni kilima kimoja kipana kisicho na kinundu hata kimoja mgongoni. Aliyefanya kazi na mashine za Raman, yaani hizi zinazopima kwa mwanga wa leza, anajua maana ya kilima cha namna ile: mashine haijaona kitu. Namba 87 haiwezi kutoka hapo. Nilipomuuliza, kijana wa watu alinijibu kwa adabu, "Mama, programu ndiyo inayokokotoa." Nikanyamaza, maana soda zilikuwa zimeshaanza kugawiwa.

Sasa niseme hapa yale ambayo soda zilinizuia kusema.

Msomaji wa Nachingwea aliandika kwamba mashine hii "inapiga picha ndani ya mafuta". Haipigi picha yoyote. Inatoa mwanga wa leza wa rangi moja tu, kisha inachungulia mwanga unaotawanyika kutoka kwenye sampuli. Karibu mwanga wote hurudi na rangi ileile uliyokwenda nayo. Sehemu ndogo sana, fotoni (chembe ya mwanga) moja katika mamilioni, hurudi ikiwa imebadilika rangi kidogo, kwa sababu imeiachia molekuli nguvu kiasi, na molekuli ikatikisika. Kila kifungo ndani ya molekuli kina mtikisiko wake, kwa hiyo ukipima mabadiliko hayo ya rangi unapata mistari inayokuambia ni vifungo gani vilivyopo. Jambo hili liligunduliwa mjini Calcutta mwaka 1928 na Chandrasekhara Venkata Raman akiwa na mwanafunzi wake Krishnan, na Raman akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1930. Swali lake lilikuwa limeanzia melini mwaka 1921, alipokuwa akivuka Mediterania na kujiuliza kwa nini bahari ni ya buluu. Sisi wa Mikindani bahari hiyo ya buluu tunaamka nayo kila siku, tunauliza bei ya pweza.

Udhaifu wa mbinu hii uko kwenye hiyo fotoni moja katika mamilioni. Sampuli ikiwa na tabia ya kung'aa yenyewe inapopigwa leza, mng'ao wake huwa mkali mno kuliko mistari ya Raman, na mistari huzama humo. Mafuta ya maganda ya korosho yana tabia hiyo, hasa yakishapata moto na kuwa meusi. Ubavuni mwa kifaa cha yule kijana niliisoma namba ya leza: 785, yaani urefu wa wimbi la mwanga wake kwa nanomita. Ni leza nzuri kwa kazi nyingi, lakini si kwa chupa ile. Zipo mashine za leza ya nanomita 1,064 ambazo mng'ao huo huzisumbua kidogo, ila haikuwa hiyo.

Dawa ya tatizo hili ipo, nayo ni madini ya fedha. Hapa naomba uvumilivu wako, Mhariri, kwa sababu ndiyo sehemu ambayo haikugusiwa kabisa kikaoni wala kwenye barua ya Nachingwea.

Mwaka 1974, Martin Fleischmann, Patrick Hendra na James McQuillan wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walitaka kuiona piridini, kemikali ya jamii ya besi, ikiwa imenasa juu ya fedha. Wakaichukua fedha na kuuparuza uso wake kwa umeme ndani ya maji yenye chumvi ya potasiamu, wakiumomonyoa na kuurudishia fedha yake mara kadhaa, ili uwe na mikwaruzo na molekuli nyingi zipate pa kukaa. Mistari ikatoka mikali ajabu. Wao walidhani ni wingi wa molekuli tu. Mwaka 1977, Jeanmaire na Van Duyne kule Marekani, na Albrecht na Creighton hukohuko Uingereza, walipiga hesabu wakaona wingi wa molekuli hautoshi kueleza jambo lile: mistari ilikuwa imeongezeka nguvu kati ya mara laki moja na mara milioni. Fedha yenyewe ndiyo iliyokuwa inaikuza.

Inaikuzaje? Chembe za fedha zikiwa ndogo, makumi ya nanomita, elektroni zake huyumba zote kwa pamoja zinapopigwa na mwanga, na mwanga hujikusanya usoni mwa chembe, hasa kwenye mwanya kati ya chembe mbili zilizokaribiana. Molekuli iliyokaa hapo hupata mwanga mwingi kupita kiasi. Iliyo mbali kwa nanomita chache tu haipati kitu. Tena molekuli inayoigusa fedha huimwagia fedha ile nguvu ambayo ingeing'arisha, kwa hiyo ule mng'ao unaotusumbua hufifia. Fedha inakupa kazi mbili kwa mkupuo: inakuza unachokitaka na kuzima usichokitaka. Dhahabu na shaba nazo hufanya hivyo kwa mwanga mwekundu, ila kwa mwanga wa kuonekana fedha haina mpinzani.

Turudi kwenye maganda. Mafuta yaliyokamuliwa bila moto sehemu yake kubwa ni asidi anakadiki. Molekuli yake ina kichwa na mkia. Kichwa ni asidi salisiliki, ileile inayotengenezewa aspirini, na mkia ni mnyororo wa kaboni 15. Asidi hii pamoja na mwenzake kadoli ndizo zinazowababua vidole wabanguaji wetu. Mama yangu alibangua korosho nyumbani miaka mingi, na sikumbuki siku aliyokaa kwenye kigogo bila bakuli la majivu pembeni. Alikuwa anayapaka mikononi kabla na baada. Majivu ni besi, nayo hukutana na asidi kabla haijafika kwenye ngozi. Lakini ngozi za ncha za vidole gumba vyake zilikuwa zimechubuka na kubadilika rangi kiasi kwamba alipoandikishwa kwa alama ya kidole, karani alimwambia arudie.

Mafuta hayohayo ukiyapasha moto wa nyuzi 180 hivi, kichwa cha asidi kinavunjika. Kundi la kaboksili, lile linaloifanya iitwe asidi, linatoka kama hewa ya kaboni dayoksaidi, na kinachobaki ni kadanoli. Sisemi moto ni mbaya. Kadanoli ina soko lake, viwanda huitaka kwa rangi, gundi na bitana za breki. Ninachosema ni kwamba haya ni mafuta mawili tofauti yenye wanunuzi tofauti, na kwa macho huwezi kuyatofautisha kwa uhakika. Chama kinachotia saini mkataba wa kuuza "mafuta ya maganda" bila kujua ni yapi kinauza gizani. Kwa watu tuliokwishaumizwa na kangomba, yule mlanguzi wa korosho ghafi, ni ajabu tukimkaribisha tena kupitia mlango wa maganda akiwa na kifaa cha betri mkononi.

Na tofauti hiyo ndiyo fedha inayoionyesha vizuri. Asidi yenye kaboksili ikifika kwenye uso wa fedha, mara nyingi huachia hidrojeni yake, na zile oksijeni mbili zikaishika fedha. Kwenye karatasi ya mistari unaliona hilo waziwazi. Mstari wa kaboksili kamili, ambao kwa asidi za jamii hii hukaa mahali kati ya 1,600 na 1,750 kwa kipimo cha mawimbi kwa sentimita, hufifia, na karibu na 1,380 hadi 1,400 hunyanyuka mwingine mnene wa oksijeni mbili zikivuta kwa pamoja. Asidi benzoiki, ya jamii hiyohiyo, ambayo kazini nimeiandaa kwa ajili ya watafiti mara nyingi kuliko chai, huonyesha hivyo, pamoja na mstari wa pete yake (duara la kaboni sita) karibu na 1,000 ambao hauhami sana. Kuna na hili la kupendeza: mitikisiko inayokwenda wima kutoka kwenye uso wa fedha hukuzwa kuliko inayolala nao. Kwa hiyo ule mstari wa hidrojeni za pete karibu na 3,060 ukijitokeza, unajua pete imesimama. Ukikosekana, pengine imelala. Mwanga unakuambia molekuli imekaa mkao gani. Kadanoli haina kaboksili, haina cha kushikia namna hiyo, na mstari wa 1,390 kwake usitegemee kuuona.

Hapo ndipo ningependa msomaji wa Nachingwea aniulize: basi si tununue bunduki na fedha kidogo tupeleke vyamani? Hapana, kaka yangu, na sababu ni za jikoni kabisa.

Fedha ya kazi hii hupikwa. Njia inayotumika sana ni ya Lee na Meisel ya mwaka 1982: miligramu 90 za silva naitreti (chumvi ya fedha) ndani ya mililita 500 za maji, unachemsha, unatia mililita 10 za sodiamu sitreti ya asilimia moja, unaacha ichemke kama saa nzima. Maji meupe hugeuka njano, kisha yanaingia ukungu wa kijani na kijivu. Silva naitreti ni ghali, lakini kiasi hicho ni kidogo na nusu lita inatosha sampuli nyingi, maana kila moja inataka matone tu. Ugumu uko kwenye usafi. Chukua maji ya kisima chochote cha karibu na pwani hapa Mikindani, dondoshea silva naitreti: utaona nyuzi nyeupe zikishuka mpaka chini ya glasi, na baada ya muda juani zinaanza kuwa za zambarau. Hiyo ni chumvi ya bahari imeikamata fedha yako yote kabla hujaipika. Unahitaji maji yaliyotoneshwa, vyombo vilivyooshwa kwa asidi, na mtu asiyechoka kuosha.

Halafu kuna asidi ya mpishi. Sitreti uliyopikia nayo ni asidi ya jamii ya kaboksili, ileile ya kwenye ndimu, na tayari imekaa juu ya chembe za fedha kabla sampuli yako haijafika. Asiyejua ataisoma mistari ya sitreti na kusema ameona asidi ya korosho. Lazima upime fedha tupu kwanza, kila mpiko, uweke kumbukumbu. Asidi anakadiki nayo haipendi maji, kwa hiyo huyeyushwa kwenye spiriti na kutiwa kidogo sana. Ukizidisha, chembe zinagandamana na kuzama.

Na salfa! Hili sijaliona likiandikwa popote, lakini mama yeyote wa Newala mwenye bangili za fedha ameliona kwa mikono yake. Msimu wa kupuliza mikorosho salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga, bangili huingia weusi hata ukizisugua kwa ukwaju. Salfa huing'ang'ania fedha kuliko asidi za kaboksili zinavyoweza. Chupa ya mafuta iliyojazwa kwenye ghala lenye mifuko ya salfa, ikifunguliwa na mikono ya mtu aliyetoka kupuliza, itafika kwenye fedha yako ikiwa na mgeni ambaye anakaa viti vyote. Mashine haitakuambia kwamba imedanganywa.

Hata mambo yote yakienda sawa, fedha haipimi kilo. Mwanya mmoja kati ya chembe mbili unaweza kukuza kuliko mianya mingine yote iliyo jirani, kwa hiyo ukisogeza leza kidogo nguvu ya mstari inabadilika. Inakujibu vizuri swali la "ni nini kilichopo na kimeshikaje". Swali la "ni asilimia ngapi" lipelekwe kwenye kromatografia (mbinu ya kutenganisha vitu vilivyochanganyika), au lifanywe na mtu anayejua kuweka kitu cha kulinganishia ndani ya sampuli ileile. Kwa hiyo namba 87 ya kijani, hata ingetoka kwenye mashine bora zaidi duniani, ingepaswa kuja na maelezo: 87 ya nini?

Ninalopendekeza mimi ni hili. Makato ya bunduki yasiwepo. Kama pesa za umma au za vyama vikuu zipo, ziwekwe kwenye mashine moja nzuri, mahali pamoja penye maji safi, umeme wa uhakika na mafundi wanaolipwa kwa wakati. Taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI Naliendele, ipo hapahapa Mtwara, na utafiti wa korosho ndiyo kazi yake ya miaka yote. Sioni kwa nini swali la asidi ya maganda lisiishi huko. Chama cha msingi kitume chupa iliyozibwa na kuandikwa tarehe na namna mafuta yalivyokamuliwa, kipate karatasi yenye mistari na maelezo ya Kiswahili yanayoeleweka na katibu. Vijana wanaosoma kemia katika vyuo vya Mtwara na Lindi wapewe kazi ya kupika fedha. Si kazi ya chini. Nimeona wasomi wenye shahada kubwa wakikwama wiki nzima kwa sababu chupa zao zilisuuzwa kwa maji ya bomba.

Wabanguaji nao wasisahaulike. Asidi inayoishika fedha ndiyo inayoingia kwenye ngozi, na kama kuna mradi wa kuichunguza juu ya fedha, glavu na mafuta ya kupaka kwa wanaoumizwa nayo viwe kwenye bajeti hiyohiyo, si kwenye hotuba.

Kwa yule mfanyabiashara, ambaye nasikia anarudi Tandahimba kabla ya mnada wa kwanza, nina ombi moja dogo. Mpwa wangu atatafuta chupa mbili za mafuta ya maganda, moja ya kukamuliwa bila moto na nyingine iliyopikwa, na zote zitapakwa rangi nyeusi kwa nje isipokuwa kidirisha cha kupitishia mwanga. Mwalimu wa shule ya msingi ataziandika A na B na kuweka siri mfukoni mwake. Aje na kifaa chake, mbele ya wanachama walewale, aseme ipi ni ipi, mara kumi mfululizo, chupa zikichanganywa kila mara. Akipatia zote, nitamwambia mpwa wangu asaini, na soda za siku hiyo nitanunua mimi.

Fundi sanifu wa maabara mstaafu,
Mikindani, Mtwara